Shika Mkono wa Koti

Koti la judo halichaniki ovyo. Lina mahali pake pa kuchanikia, na fundi aliyezoea kulitengeneza anaweza kulitandaza mezani akakwambia mwenyewe anacheza vipi kabla hajamwona sura. Ukosi wa kushoto hulegea kwanza, kwa sababu watu wengi hutumia mkono wa kulia na hapo ndipo wanapomkamata mpinzani. Halafu huachia mshono wa mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Kisha kwapa. Suruali za watoto huisha magoti, na hizo hazinisumbui, ni kiraka tu. Mimi kazi yangu hasa ni kanzu, niliyoachiwa na baba, na cherehani yangu iko Ng'ambo, hapa Unguja. Makoti ya judo yaliniingilia dukani kwa sababu ya mjukuu wangu, na sasa klabu nzima ya mtaani kwetu inanihesabu mtu wao ingawa sijawahi kumwangusha hata paka.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Judo haina ngumi wala teke. Watu wawili wanasimama juu ya tatami, yale magodoro magumu ya kuchezea, wanainamiana kwa heshima, wanashikana nguo, kisha kila mmoja anatafuta namna ya kumwangusha mwenziwe. Ukimwangusha chali kwa nguvu na kasi, huku umemdhibiti, hiyo ni ippon na mchezo umekwisha palepale, hata kama katika dakika nne za mchezo zimepita sekunde kumi tu. Akianguka nusunusu mnaendelea chini, na ukimbana mgongo ukiwa kwenye tatami kwa sekunde 20 umeshinda. Wakubwa wanaruhusiwa pia kukaba shingo na kukunja kiwiko. Aliyezidiwa hugonga mara mbili, kwenye tatami au kwenye mwili wa mwenziwe, na mwenziwe huachia papo hapo. Hangoji kuambiwa na mwamuzi, wala haulizi kama kweli imeuma.

Kwa hiyo nguo ndiyo mpini. Bila nguo ya kushikika hakuna judo, na hapo ndipo fundi anapopata mkate wake.

Nguo za kiwandani hufumwa kwa pamba nzito yenye vinundu mithili ya punje za mchele. Kitambaa hicho huku kwetu sijakiona kikiuzwa kwa yadi, basi mimi hushona kwa dril nene ya pamba, tabaka mbili mabegani na kifuani. Kabla ya kukata hukiloweka usiku kucha nikakianika, maana pamba hurudi, na koti lililorudi mikono ikapanda juu halimfai mtu, mpinzani hana pa kushika. Kwapani natia kikwapa, kilekile cha kanzu, na Sensei wetu, yaani mwalimu wa klabu, alipokiona mara ya kwanza alicheka akasema Wajapani hawajui wanachokosa. Ukosi ndio kazi yenyewe: kitambaa kinakunjwa tabaka juu ya tabaka, kinapigwa mistari sambamba ya mshono kutoka upindo hadi upindo, kwa sindano namba 18, na mguu unaokanyaga cherehani unaisikia kila inchi. Lakini usizidishe. Ukosi ukiwa mnene mno mkono wa mpinzani haukamati, na huo ni udanganyifu. Kwenye mashindano makubwa wana kifaa maalumu cha kupimia unene wa ukosi na upana wa mkono wa koti.

Karate nayo iliazima nguo hii. Gichin Funakoshi, mwalimu wa skuli kutoka Okinawa, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuuonyesha mchezo wa kwao, akaalikwa katika ukumbi mkuu wa judo, na inasimuliwa kwamba nguo ya kuvaa siku ile aliishona mwenyewe kwa mkono. Sijui mshono wake ulikuwaje. Lakini mtu anayekwenda kuonyesha sanaa yake mbele ya wakubwa, akakaa kwanza na sindano, mimi namheshimu kuliko mabingwa wengi.

Aliyeanzisha judo ni Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, akionewa na wenziwe skuli, akatafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana ya Kijapani. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, alifungua ukumbi wake ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Chumba kilikuwa cha tatami 12 na wanafunzi wake walihesabika kwa vidole. Kano hakuzikusanya mbinu za jujutsu zote kama zilivyo. Zile za kuua na kuvunja aliziondoa kwenye mazoezi ya kushindana. Waliobaki nazo walimwona amelegea, lakini hesabu yake ilikuwa nzuri: mbinu unayoogopa kuitumia kwa nguvu zako zote, kwa sababu itamvunja mwenzako, huwezi kuizoea. Mbinu ambayo mwenzako anainuka akasema "tena", hiyo utaifanya mara mia kwa jioni moja. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, akaongoza chuo cha walimu cha Tokyo kwa miaka mingi, na aliusisitiza msemo kwamba wewe na mwenzako mnastawi pamoja. Afrika alifika pia: mwaka 1938 alihudhuria mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mjini Cairo, na alifariki melini akiwa njiani kurudi kwao.

Hapa Zanzibar judo ilishika mizizi kwa juhudi za Mjapani mwingine, Tsuyoshi Shimaoka, aliyeanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sensei wetu alikuwa kijana enzi hizo. Mchana ni mwashi, jioni ni Sensei, na saruji ya mchana huja nayo kwenye kucha mpaka watoto wenyewe wanamkumbusha sheria ya usafi. Mazoezi ni baada ya alasiri, yakatike kabla ya magharibi kwa sababu nusu ya watoto wana chuo cha Kurani. Ramadhani yanahamia usiku, baada ya tarawehe, na hapo wazazi hulalamika watoto hawalali. Ada ipo, ndogo. Asiyekuwa nayo anafagia ukumbi na kupangusa tatami kwa kitambaa cha maji na siki, na wenye ada nao wanafagia, hivyo huwezi kujua nani ni nani. Huo utaratibu nausifu.

Sasa habari yenyewe ya msimu huu ni mtihani wa mikanda, uliozua maneno mtaani.

Kijana mmoja wa mkanda wa kijani alikuwa anautaka wa buluu. Ana kasi, ana nguvu, na kila mtu alijua atapita, mama yake alishapika. Akaitwa mbele na mwenzake wa umri wake, akaambiwa aonyeshe ippon seoi nage, ile ya kumbeba mtu mgongoni na kumpitisha juu ya bega. Akaingia chini ya kwapa la mwenziwe, akainama, yule akaruka akaanguka chali kwa kishindo. Ukumbi ukapiga makofi. Kijana naye akanyanyua mikono yote miwili juu, kama mfungaji wa goli.

Sensei alikaa kimya kidogo, halafu akamwambia, "Umemrusha vizuri. Mkono wake uko wapi?"

Kijana akatazama viganja vyake. "Nimeuachia, Sensei."

"Basi na sisi mkanda tunauachia mpaka baada ya Idd."

Nieleze mkono gani, kwa sababu hapo ndipo ilipo judo yote ninayoijua. Anayerusha kwa upande wa kulia hushika kwa mkono wake wa kushoto mkono wa kulia wa koti la mwenziwe. Mwenziwe anapopinduka hewani, mkono wake mwingine uko huru, nao ndio hupiga tatami kupunguza kishindo. Ule ulioshikwa unabaki kwa aliyerusha. Akiuvuta juu mwisho wa mrusho, mwili wa anayeanguka unageuka, mgongo unapokea, kichwa kinabaki kimeinuka. Akiuachia, mtu anakwenda chini kwa bahati yake. Watoto wapya wanafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha, wiki baada ya wiki, kidevu kifuani. Sensei huwaambia watazame fundo la mkanda wao, kwa kuwa anayelitazama fundo lake kisogo hakigongi. Lakini mtoto akichoka, au akishtukizwa, kidevu kinasahaulika. Hapo kilichobaki kumwokoa ni vidole vya mwenziwe kwenye kitambaa.

Ndiyo maana nikasema mshono wa mkono wa kulia huachia karibu na kiwiko. Kwa mchezaji mzuri hauchaniki kwa kuvutwa mbele. Huchanika kwa kuvutwa juu, na nyuzi zinakatika kwa mwelekeo huo. Nikiletewa makoti ya watoto wawili wanaocheza pamoja kila siku, najua nani anatunzwa na nani anatupwa. Koti la yule aliyekuwa anarushwa na kijana wetu lilikuwa zima kabisa kwenye mkono. Ukosi umechoka, mkono mzima. Nilimwonyesha Sensei kabla ya mtihani. Akalipitisha koti vidoleni, akasema, "Bi Fundi, hili nimeliona."

Mama wa kijana alinijia dukani na hasira zake. Mtoto kamwangusha mwenziwe chali, chali kabisa, kila mtu kaona, sasa kanyimwa nini? Sikumjibu kwa maneno. Nililivaa koti, nikamwomba aushike mkono wangu wa kulia, nikamwambia anidhanie ninaanguka nyuma. Akaning'ang'ania kwa vidole vyote, na sisi wawili wazima na miili yetu. "Ndicho alichonyimwa mtoto wa mwenzio," nikamwambia. Aliondoka hajaridhika, na mimi sikutegemea aridhike siku ileile.

Malalamiko mengine huja kutoka upande wa pili kabisa. Baba mmoja, dereva wa daladala, aliniambia mwanawe alipigwa kofi skuli na hakufanya kitu. "Judo gani hiyo, Bi Fundi? Nalipa ada apigwe?" Sheria ya klabu ni kwamba nje ya ukumbi mtoto anajitoa mikononi mwa mtu na kuondoka. Atakayemwangusha mwenziwe mtaani anavuliwa mkanda kwa muda, anakaa pembeni akitazama wenziwe. Wazazi wengi hudhani sheria hii ni ya adabu tu, ya kuwafanya watoto wawe wapole. Siyo. Skuli na mtaani hakuna tatami. Pale ni saruji. Mrusho uleule unaoshangiliwa ukumbini, ukifanywa kwenye baraza la skuli na mtoto ambaye hajajifunza kuanguka, kisogo kikafika kwanza, mnakwenda hospitali au makaburini. Sensei anayejenga sakafu hizo kila siku anaujua ugumu wake. Nilimweleza dereva hivyo, akakuna kichwa, akasema angalau mwanawe afundishwe kukwepa kofi. Hilo nililipeleka kwa Sensei na nadhani lina haki.

Isitoshe, sisi si wageni wa kupigana kwa kanuni. Makunduchi kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wanatandikana kwa vigogo vya migomba hadi jasho linawatoka, wanawake wanaimba maneno makali, na jioni watu wanakula pamoja. Hakuna anayekwenda pale na panga. Mtu wa kisiwa hiki akisikia mchezo ambao unapigana na mtu usiyemchukia, asijifanye hajawahi kuona.

Darasa la wasichana ndilo linaloninyima usingizi, kwa kazi na kwa fikra. Mjukuu wangu alipoanza walikuwa wachache. Sasa wana siku zao na mwalimu wao wa kike, na pazia la ukumbi nimelishona mimi. Swali lilikuwa kichwani: mtandio utakaaje? Pini haziingii kwenye tatami, zinachoma. Kitambaa kinachozunguka shingo nacho ni hatari, kwa sababu kukaba kwa ukosi ni sehemu ya mchezo na mtu anaweza kukamata asichokusudia. Suala hilihili lilifika Olimpiki ya London mwaka 2012. Wojdan Shahrkhani wa Saudi Arabia, binti wa miaka 16, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza wa nchi yake kushiriki Olimpiki, nusura asicheze kwa sababu wakubwa wa judo waliukataa mtandio kwa hoja ya usalama. Wakakubaliana kofia ya kubana nywele, akaingia, akarushwa na Melissa Mojica wa Puerto Rico baada ya sekunde 82. Watu walizungumzia kichwa chake wiki nzima. Mimi nilitamani kujua kofia ile ilishonwaje.

Yangu naikata kwa kitambaa cha fulana kinachonyumbuka, vipande vitatu, mshono bapa usioumiza sikio mtoto akibanwa chini, na mpira mwembamba nyuma ya kisogo. Inaishia juu ya ukosi, na fulana nyeupe ya shingo ndefu inafunika kilichobaki. Ikivutwa inatoka nzima bila kumkaba mtu. Za mwanzo zilikuwa zikiteleza, hadi mjukuu wangu aliponiambia, "Bibi, ishone ukiwa umenivalisha," nikampima akiwa amelala chini badala ya kusimama. Kichwa kilicholala kina kipimo chake.

Wanaouliza msichana anatafuta nini kwenye judo nawasimulia habari ya Rusty Kanokogi wa Brooklyn. Mwaka 1959 aliingia mashindano ya YMCA ya jimbo la New York yasiyokuwa na wanawake, nywele amekata, kifua amekifunga, akashinda. Alipoulizwa kama ni mwanamke hakudanganya, wakamvua medali. Yeye ndiye aliyekuja kuandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, New York, mwaka 1980, na mwaka 1992 wanawake wakapigania medali za Olimpiki rasmi Barcelona. YMCA walimrudishia heshima yake ya medali mwaka 2009, miezi michache kabla hajafariki. Miaka hamsini kwa medali moja! Sisi tuna pazia na kofia, tumeanza mbali zaidi yake.

Kuhusu mikanda nina maoni yangu, na Sensei anayajua. Kano alitumia nyeupe na nyeusi hasa. Rangi nyingi za katikati zilienea Ulaya, hasa kupitia kwa Mikinosuke Kawaishi aliyefundisha Paris miaka ya 1930, na zinasaidia watoto wasikate tamaa. Sawa. Lakini wapo wazazi wanaohesabu rangi kama madarasa ya skuli, mwaka huu njano, mwakani chungwa, na wananiuliza bei ya kushona mkanda mweusi kwa mtoto wa miaka minane. Sishoni. Wakanunue kwingine.

Habari nyingine ni fupi. Tatami za upande wa dirishani ziliingiliwa na maji ya masika na zimeanikwa juani, harufu bado ipo. Klabu moja ya Bara imeahidi kututembelea. Watoto wamebandika ukutani picha ya Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye judo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na wanabishana nani atamfuata. Kijana wetu wa mkanda wa kijani anahudhuria kila jioni. Wiki hii ameniletea koti la mwenziwe, siyo lake, mkono wa kulia umeachia karibu na kiwiko, nyuzi zimekatika kwenda juu. Nimelishona bure.

Mzazi unayetaka kumleta mwanao, mkate kucha za mikono na miguu, hereni na bangili zibaki nyumbani, na asile akashiba kabla ya mazoezi. Usikimbilie kununua nguo. Miezi ya mwanzo ni ya kujifunza kuanguka, na fulana na suruali nyepesi zinatosha. Na nyinyi mafundi wenzangu, anayejua duka lenye dril nene ya pamba, nzito ya kweli, isiyochanganywa na nailoni, aniletee habari. Wapo watoto waliokwishajua kuanguka ambao bado wanacheza kwa fulana, na mkono wa fulana haushikiki.